Pikipiki ya Majabali: Kuiunda, Kuirekebisha na Kuiendesha Lipingo

Ukitaka kumjua dereva wa bodaboda aliyeiva, usimtazame akiwa kwenye lami ya Mbinga kwenda Mbamba Bay. Lami haimuumbui mtu. Mngoje mwezi wa Februari, mvua ikishachimba makorongo, kwenye njia inayopanda kutoka ziwani kwenda mashambani. Hapo usimtazame usoni, mtazame miguu. Anayetandaza miguu huku na huku kama bata anayeshuka mtoni bado ni mbichi. Aliyeiva anasimama juu ya vikanyagio, magoti yamelegea, pikipiki inayumba chini yake lakini yeye hayumbi, na viatu vyake vinafika juu bila tope.

Uingereza na Hispania jambo hilo wamelifanya mchezo kamili, unaitwa trayali. Hauna mbio. Dereva anapewa kipande kifupi cha njia kilichowekewa mipaka, chenye mawe, maji na miinuko, apite bila kugusa ardhi kwa mguu. Akigusa mara moja anaandikiwa alama 1, mara mbili 2, mara tatu na kuendelea 3. Akianguka au akitoka nje ya mipaka, 5. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Scotland wana mashindano ya siku sita ambayo mizizi yake inarudi hadi 1909. Mwaka 1965 Sammy Miller wa Ireland ya Kaskazini aliyashinda akiwa juu ya Bultaco nyepesi ya Hispania, na baada ya hapo mapikipiki mazito ya Kiingereza yakaanza kuachwa nyumbani. Nimekitaja kisa hicho kwa sababu kazi yote iliyo mbele yetu inaanzia hapo: wepesi kwanza, mwendo wa polepole, nguvu baadaye kama zitahitajika.

Lipingo na vijiji jirani vya mwambao wa Nyasa vina kila kitu ambacho waandaaji wa Scotland wanakitafuta. Liuli kuna jiwe ambalo Wajerumani waliliona linafanana na Sfinksi ya Misri, wakaiita bandari ile Sphinxhafen. Ni hapo Waingereza waliposhambulia meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, Agosti 1914. Mawe tunayo, mchanga tunao, mito inayoshuka kwa kasi tunayo, na nyuma yetu kuna ukuta wa milima ya Umatengo. Pikipiki yenyewe ndiyo haipo. Zile zinazotengenezwa kiwandani kwa ajili ya mchezo huu zina uzito wa kilo 70 hivi, hazina kiti, na bei yake tusiizungumzie. Tutaunda ya kwetu.

Hatua ya 1: Chagua chuma cha kuanzia

Ukibahatika kupata Honda XL 125 au Yamaha DT 125 iliyochoka, mojawapo ya zile walizozoea kupanda mabwana shamba, ichukue hata kama tangi lina kutu. Ina rimu ya inchi 21 mbele na 18 nyuma, vipimo vilevile vya pikipiki za trayali, na shokapu zake ni ndefu. Rimu kubwa ya mbele inapanda jiwe ambalo rimu ndogo inaligonga na kusimama.

Wengi wetu hatutabahatika. Tuna Boxer au TVS iliyokwisha kubeba magunia miaka mitano. Nayo inafaa, usiidharau. Rimu zake ni 17 na inapita kilo 110, kwa hiyo chagua mawe yasiyozidi kimo cha goti. Angalia mambo matatu kabla ya kutoa fedha: fremu isiwe imepasuka kwenye shingo chini ya usukani, klachi isiwe inateleza, na injini iwe inawaka kwa kiki moja au mbili ikiwa ya moto. La tatu ndilo muhimu zaidi. Utaizima mara hamsini kwa siku, na kupiga kiki mara kumi huku umesimama kwenye mteremko ni adhabu.

Hatua ya 2: Vua

Toa keria. Toa gadi za pembeni, vioo, stendi kubwa, vikanyagio vya abiria, makopo ya pembeni, na kiti chote. Taa, honi na namba ziache, kwa sababu itabidi upite barabarani kwenda na kurudi. Mahali pa kiti weka sponji nyembamba iliyoshonewa turubai, ya kukalia njiani tu. Na tangu siku hiyo pikipiki hiyo si ya abiria tena, hata shemeji yako akibembeleza.

Mimi vitu nilivyovivua nilivitundika kwenye mizani ya magunia ya kahawa kwa udadisi. Vilikaribia kilo 16. Ni kama kumshusha mtoto wa darasa la kwanza ambaye umekuwa ukimbeba mgongoni bila kujua.

Hatua ya 3: Bamba la tumbo

Chini ya injini panahitaji kinga. Jiwe moja lenye ncha likipiga kizibo cha oili, safari imeishia hapo. Mpelekee mchomeleaji bamba la chuma la milimita 4 alikunje kufuata umbo la injini, kuanzia mbele ya mabomba ya fremu hadi nyuma ya kikasha cha gia, alifunge kwa bolti nne. Usikubali alichomelee moja kwa moja kwenye fremu. Siku utakapotaka kulifungua utajuta. Kati ya bamba na injini acha nafasi ya kidole, ujaze kipande cha mpira wa tyubu ya lori ili pigo lisifike kwenye injini.

Toboa tundu chini ya bolti ya kumwagia oili. Fundi aliyenitengenezea alisahau, nami sikukagua, na mara ya kwanza kubadilisha oili tulifungua bamba zima juani huku watoto wa jirani wakitazama kama sinema.

Hatua ya 4: Vikanyagio na usukani

Katika trayali hukai. Unasimama kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mahali pa miguu ndipo kiti chako. Vikanyagio vya Boxer viko mbele mno, vimewekwa kwa ajili ya mtu aliyekaa. Virudishe nyuma sentimita 5 hivi na kuvishusha kidogo, si zaidi ya 2, visije vikakwama kwenye mawe. Viwe vipana na vyenye meno. Kipande cha mnyororo wa zamani kikichomelewa juu yake kinashika soli vizuri kuliko mpira. Ukishavisogeza, pedali ya breki na kiguu cha gia navyo visogezwe, la sivyo utaikuta breki siku ukiwa umeshaanguka.

Usukani uwe mpana na wa juu, kama wa DT. Simama juu ya vikanyagio, fumba macho, nyoosha mikono mbele bila kujikaza: mikono inapofikia ndipo vishikio viwe. Vipini vya klachi na breki vilaze kidogo kuelekea chini ili vidole vivifikie ukiwa umesimama. Chini ya klempu zake zungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, kisha ukaze kwa kiasi. Pikipiki ikianguka, na itaanguka, kipini kitazunguka badala ya kuvunjika. Ni ujanja wa senti chache ambao umeniokolea vipini vingi.

Hatua ya 5: Sproketi

Hapa ndipo bodaboda inapogeuka kuwa mnyama mwingine. Hesabu meno. Tuseme mbele una 14 na nyuma 42: gurudumu linazunguka mara moja kila sproketi ya mbele ikizunguka mara 3. Ukiweka 12 mbele, sasa ni mara 3.5. Mwendo umepungua kwa asilimia 14 katika kila gia, na nguvu ya kusukuma imeongezeka kwa karibu asilimia 17, bila kugusa injini. Kupunguza jino moja mbele ni sawa na kuongeza meno matatu nyuma, na sproketi ya mbele ni rahisi kuliko ya nyuma. Anzia mbele.

Lengo lako ni hili: gia ya kwanza, bila kuvuta moto wala kushika klachi, pikipiki itembee sambamba na bibi aliyebeba kuni. Ikimpita, bado ina haraka. Ikishindwa na kuzima, umepitiliza au injini ina tatizo.

Usishuke chini ya meno 12, kwa kuwa cheni inakunjwa mno na kulika upesi. Ukibadilisha, cheni itakuwa ndefu. Sogeza gurudumu nyuma, au kata pingili mbili. Kaa juu ya pikipiki, mwenzako apime ulegevu katikati ya cheni: sentimita 2 hadi 3. Cheni iliyokazwa kama uzi wa zeze inakatika mlimani.

Hatua ya 6: Tairi na upepo

Nyuma weka tairi ya kashata, mpira wake uwe laini. Mbele pia ukiweza. Lakini kashata bila kupunguza upepo ni mapambo. Tairi iliyojazwa kwa ajili ya magunia mawili ya mahindi inaruka juu ya jiwe kama mpira wa chandimu, iliyopunguzwa inalikumbatia.

Mabingwa wanaendesha na upepo wa psi 4 au 5 nyuma, ila tairi zao za nyuma hazina tyubu. Sisi tuna tyubu. Ukishuka hivyo, tairi itazunguka ndani ya rimu, iburute tyubu, na valvu itang'oka. Mimi nimetulia kwenye 12 nyuma na 14 mbele. Kuna wanaothubutu kushuka zaidi baada ya kufunga kibano cha kushikilia tairi kwenye rimu. Kama fundi wako anaweza kukitengeneza, mwache ajaribu. Ili kujua kama tairi inazunguka, chora mstari wa rangi kutoka kwenye rimu hadi kwenye tairi, uangalie kila jioni kama mistari bado imekutana. Na nati ya valvu usiikaze hadi kwenye rimu, iache juu, ili valvu ikianza kulala uione mapema.

Pampu ya baiskeli isiachwe nyumbani.

Hatua ya 7: Kabureta, na mlima ulio nyuma yetu

Katika trayali karibu muda wote unavuta moto kidogo sana, pengine robo. Kwa hiyo jeti kubwa ambayo vijana wa mbio wanahangaika nayo haituhusu sana. Kinachotuhusu ni skrubu ndogo ya pembeni na sindano.

Pasha injini dakika kumi. Tafuta skrubu ya mchanganyiko. Ikiwa iko upande wa kichujio cha hewa, basi inapima hewa: ukiikaza, petroli inazidi. Ikiwa upande wa injini, inapima petroli: ukiilegeza, petroli inazidi. Watu wengi hawaijui tofauti hii, wanazungusha kwa kubahatisha kisha wanailaumu plagi. Ikaze polepole hadi mwisho bila kuilazimisha, ilegeze mzunguko mmoja na nusu, washa. Sasa izungushe upande mmoja taratibu mpaka injini ianze kukohoa, rudi upande wa pili mpaka ikohoe tena, kisha iweke katikati ya sehemu hizo mbili. Malizia kwa skrubu ya mngurumo: injini ingurume juu kidogo kuliko ya bodaboda, ili isizime ukifunga moto ghafla juu ya jiwe.

Halafu kuna jambo ambalo mtu wa Dar es Salaam hahitaji kulijua. Ziwa letu liko kwenye mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Mji wa Mbinga umepita mita 1,300, na vilima vya Umatengo vinaendelea kupanda. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inakuwa nyepesi kwa takriban asilimia 10. Kabureta haina habari hiyo. Inaendelea kumwaga petroli ileile. Ndiyo maana pikipiki iliyolia vizuri Lipingo asubuhi inakuwa na kwikwi Umatengo saa sita, na plagi inatoka nyeusi kama sufuria ya ugali. Ukienda kufanya mazoezi juu, shusha sindano ngazi moja, yaani kile kipini chake kikaingie kwenye mkato wa juu zaidi, na punguza petroli kwa robo mzunguko wa skrubu. Ukirudi ziwani, rudisha. Ukisahau kurudisha, injini itapata petroli kidogo kuliko inavyohitaji, itachemka, na joto la mwambao halina huruma.

Plagi yenye rangi ya kahawa ya maziwa ndiyo tunayoitaka.

Oili weka ya pikipiki, si ya gari. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea ndani ya oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za gari zina dawa ya kupunguza msuguano inayoifanya iteleze. Nasi klachi ndiyo tutakayoitesa kuliko kitu chochote. Badilisha oili mapema kuliko kawaida. Shokapu za nyuma ziweke kwenye ngazi laini kabisa. Za mbele mwaga oili ya zamani, weka mpya, pande zote mbili kiasi sawasawa kwa kipimo cha sindano ya mifugo.

Hatua ya 8: Kabla ya mawe

Nenda ufukweni asubuhi, mchanga ukiwa na unyevu. Ila tazama kwanza: kama wavuvi wameanika usipa, dagaa wa ziwa letu, hapo si uwanja wako. Kofia ngumu kichwani, viatu vya kufunika kifundo cha mguu, suruali ngumu. Kandambili ziache nyumbani na fahari yake.

Zoezi la kwanza ni kusimama. Injini imezimwa, gurudumu la mbele limeegemea jiwe, usukani umekatwa kushoto, breki ya mbele imeshikwa. Panda juu ya vikanyagio vyote viwili, ubaki hapo. Sekunde tatu za kwanza utacheka. Ukifika sekunde 30, umeshajifunza nusu ya trayali. Jicho liwe mbele mita tatu, usitazame gurudumu. Unapotazama ndipo unapoangukia.

La pili ni nane. Weka madumu mawili umbali wa mita nne, yazunguke kwa umbo la namba 8, gia ya kwanza, umesimama. Pikipiki ilaze ndani ya kona, mwili wako ubaki nje yake, goti la nje likisukuma tangi. Vidole viwili viko kwenye klachi wakati wote. Moto uwe wa kiwango kimoja, mwendo uuongoze kwa klachi na kwa breki ya nyuma kidogo. Bodaboda wanafundishwa kinyume chake, kwamba klachi ama imeshikwa ama imeachwa. Hapa inaishi katikati.

Fanya hivyo wiki mbili. Najua utafanya siku mbili.

Hatua ya 9: Jiwe la kwanza

Chagua jiwe la kimo cha nusu ya gurudumu, kavu, lililokaa imara, lenye uso unaolala kidogo kuelekea kwako. Mawe yanayopigwa na mawimbi yana ukoga wa kijani unaoteleza kuliko sabuni, yaache. Mwenzako asimame juu ya jiwe upande mmoja, tayari kushika usukani.

Liendee jiwe kwa mwendo wa kutembea, umenyooka mbele yake. Gurudumu likiwa hatua moja kabla ya kugusa, kunja magoti uzikandamize shokapu, kisha nyanyuka kama anayetaka kuchungulia juu ya ukuta, na wakati huohuo vuta moto mfupi, uachie klachi. Mbele itakuwa nyepesi na kupanda. Sasa funga moto, shika klachi. Watu wengi wanaanguka hapa kwa sababu wanaendelea kuvuta moto kwa woga. Kasi uliyonayo inatosha. Sogeza nyonga mbele, legeza magoti, liache gurudumu la nyuma lipande lenyewe. Likigonga jiwe na magoti yako yamekakamaa, litakurusha kama punda.

Ukizimikiwa katikati ya mlima, usikimbilie breki ya mbele peke yake. Kwenye mteremko mkali uzito wote uko nyuma, gurudumu la mbele linateleza likiwa limefungwa. Acha gia ikiwa ndani, achia klachi: injini iliyozima inakuwa breki ya nyuma. Kisha shuka upande wa juu wa mlima, daima upande wa juu, uilaze pikipiki, uizungushe uso utazame chini, uanze upya. Kushuka kwake ni gia ya kwanza, nyonga nyuma, breki zote mbili kwa kubembeleza, klachi usiishike.

Mkishakuwa watatu au wanne, tengenezeni vipande vyenu. Fungeni vitambaa vyekundu kulia na vyeupe kushoto, upana wa mita mbili, urefu usiozidi wa uwanja wa wavu. Mmoja aandike alama. Msipite kwenye ngoro za watu, yale mashamba ya mashimo na matuta. Shimo lile na tuta lile ni jasho la mtu na ndivyo vinavyozuia udongo wa Umatengo usije ziwani. Ombeni ruhusa kwa mwenye shamba na kwa mwenyekiti wa kijiji, hasa kwa sababu ya kelele. Katikati ya kipande na kipande zimeni injini dakika chache. Injini hizi zinapozwa na upepo wa mwendo, na ninyi mwendo hamna.

Hatua ya 10: Kabla ya kurudi nyumbani

Piga spoki kwa spana moja baada ya nyingine usikilize: zilizokazwa zinalia, iliyolegea inatoa sauti ya debe. Kagua mstari wa rangi kwenye tairi, bolti za bamba, na kipini cha breki. Kama uliingia majini, endesha taratibu ukibonyeza breki za ngoma mpaka zikauke, maana zikilowa hazishiki. Halafu toa ile pampu, jaza matairi yote mawili mpaka yawe magumu. Kwenye lami, tairi yenye upepo wa majabali inaogelea konani, na dereva wa lori la mahindi hatakuwa na habari kwamba ulitoka kuchukua alama sifuri.